Pakiti Moja, Lita Kumi

Mtaani kwetu kuna mshonaji tunayemwita Mama Mkasi. Kwa miaka ishirini na mbili amekata vitambaa vya watu bila kuharibu hata shubiri moja, na sifa hiyo ilimvimbisha kichwa. Simsingizii, mwenyewe amekiri.

Mwaka jana jirani yake, mfugaji wa kuku, alikwenda kumuuguza mamaye. Alimwachia vifaranga arobaini waliokuwa wakiharisha, na pakiti tatu za dawa.

"Shoga, zote tatu kwenye lita kumi na mbili za maji. Muuza dawa kasisitiza."

Mvua ikanyesha, paa likavuja, pakiti mbili zikalowa. Mama Mkasi, huku mteja akimsubiri kibarazani, akapiga hesabu ya harakaharaka: pakiti zimepungua mbili, basi na maji yapungue lita mbili. Akatia pakiti moja katika lita kumi.

Wakapona vifaranga saba tu. Jirani aliporudi alikwenda moja kwa moja dukani kwa muuza dawa, akamuumbua mbele ya wateja: "Umeniuzia chokaa, mzee! Huoni haya na mvi zako?"

Maneno hayo yalienea upesi. Haukupita mwezi, mzee akawa anashinda peke yake nyuma ya kaunta, akifuta vumbi chupa zisizoguswa na mtu.

Mama Mkasi naye aliamini dawa ilikuwa mbovu, mpaka alipokuja binti mmoja aliyeagiza magauni matatu ya marinda, ya kitambaa cha mita kumi na mbili.

"Mama, wenzangu wawili wamejitoa. Sasa ni gauni langu tu. Nikuletee mita kumi?"

"Mita kumi! Nikushonee gauni au turubai la lori?" Mama Mkasi alicheka mpaka akaegemea cherehani. "Matatu kwa kumi na mbili, mwanangu. Ukigawa magauni kwa tatu, na mita nazo gawa kwa tatu. Gauni moja, mita nne."

Ghafla akaacha kucheka. Pakiti tatu, lita kumi na mbili. Pakiti moja, lita nne. Yeye alitia kumi.

Hapa ndipo ninapomlaumu. Kukosea hesabu si dhambi, hata msomi hukosea. Lakini alijua, na akanyamaza wiki tatu. Alijiambia kwamba maneno yatapoa yenyewe. Akawa anazunguka njia ya nyuma asilione lile duka, na kila aliyemsifu kwa vipimo vyake alimchoma kama sindano. Siku aliyosikia kuwa duka litafungwa mwisho wa mwezi, aliacha gauni la watu juu ya meza, akaenda kumweleza jirani yake yote.

Jirani alijifunga kanga, akatangulia mlangoni. "Twende," akasema.

Dukani Mama Mkasi hakunong'ona. "Mzee wangu, dawa yako ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeizidishia maji."

Jirani akaomba radhi, macho chini. Mzee akamgeukia mshonaji. "Umejua lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Yale maji ningekusamehe papo hapo," mzee alisema. "Hizi wiki tatu, niache kwanza."

Mama Mkasi alitoka akasimama mlangoni, akawa anamsimamisha kila mpita njia na kumweleza, mmoja mmoja: pakiti ngapi, maji kiasi gani, na mkono wa nani.