Fundi wa Mlingoti wa Kabiria

Redio ile ya mazungumzo ilibadilisha wenyewe kama mtu abadilishavyo mashati, lakini Philister Oloo hakubadilishwa. Mzee Kinyanjui aliifungua mwaka wa 2000 katika ghorofa ya nne mjini na kusimamisha mlingoti wake wa kurushia matangazo Kabiria, pembeni mwa jiji. Baadaye akaiuzia kampuni ya magodoro, iliyotaka tu kutangaza magodoro. Mwaka wa 2007 ikanunuliwa na Nyawira wa mtaa wa Karen, mama asiyependa maneno mengi. Ajabu, kwa mtu aliyenunua redio ya maneno!

Philister aliajiriwa kufagia chini ya mlingoti. Alimwuliza fundi maswali mpaka fundi akachoka, akahama, akamwachia bisibisi. Tangu hapo fundi ni yeye, na mwite fundi umwone anavyonyoosha shingo.

Jumatatu moja Nyawira akafika Kabiria.

"Philister, AM yetu ya kufika mbali imekufa. Machakos hawatupati, Thika hawatupati. Ijumaa saa nne tunafungua simu. Nikikosa mtu wa mbali, nazima hii kitu, tubaki na FM ya muziki."

Mlingoti wa AM hautegemei chuma cha juu peke yake. Nyaya za shaba huzikwa ardhini kuuzunguka, na zikikatika sauti haifiki mbali. Akachukua jembe, akafukua. Waya wa kwanza umekatika. Wa pili pia. Na kila palipokatika palikuwa katikati ya mahindi.

Mahindi ya nani? Yake! Mtu wa Siaya kama yeye akiona ardhi imelala bure, mkono humwasha. Misimu mitatu alikuwa akilima pale na kuwagawia watangazaji mahindi ya kuchoma, wakimsifu huku redio yao ikififia. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Akapiga simu.

"Madam, nyaya zimekatwa. Ni mimi nilizikata na jembe, nikipanda mahindi."

"Ijumaa ni Ijumaa," Nyawira akasema, akakata.

Philister akang'oa mahindi yote, mengine yakiwa bado na maziwa, kisha akafukua nyaya sitini, akazisugua kwa msasa na kuziunga moja moja. Alhamisi jioni vidole vilikuwa havikunjiki.

Ijumaa saa nne alisimama studioni nyuma ya Nyawira. Mtangazaji Jamleck akauliza wasikilizaji wako wapi. Wa kwanza, Uthiru, jirani na mlingoti. Nyawira akatazama saa. Wa pili, Kawangware, ambako hata ukipiga kelele chini ya mlingoti utasikika.

Wa tatu alikuwa na sauti ya kukwaruza. "Naitwa Mutiso. Niko huku Kitui na mbuzi zangu. Hii redio imekoroma mwaka mzima, leo imeongea! Mlikuwa mmeenda wapi?"

Baada yake taa zote za simu zikawaka: Embu, Nyahururu, Loitokitok. Jamleck akaruka juu ya kiti. Nyawira hakuruka, ila alimvuta Philister hadi kwenye maikrofoni.

"Huyo mzee ameuliza swali. Mjibu wewe."

Miaka saba Philister alikuwa amerusha sauti za watu. Yake ilikuwa haijawahi kutoka.

"Mzee Mutiso," akasema, akiishika maikrofoni kwa mikono miwili, "mimi ndiye nilikunyima redio. Ni mimi pia nimekurudishia. Naitwa Philister Oloo, fundi."

"Sasa fundi," Mutiso akajibu toka Kitui, "usiende tena!"

"Haendi," akasema Nyawira, na nchi nzima ikamsikia.