Mawe Katika Koti la Nasimiyu

Harufu ya dawa ya fukusi bado hunirudisha Matisi, pembeni mwa mji wa Kitale. Baba alikuwa mchuuzi wa mahindi, na ghala lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa hiyo tulikula, tukalala na kusali ndani ya harufu hiyo. Kwenye boriti ilining'inia mizani ya ndoano, na kila gunia lililotoka kwa wakulima wa Kachibora lilipandishwa pale likiyumba, Baba akiisoma sindano kwa jicho moja. Alijivunia kwamba hakuna mkulima aliyewahi kumuuzia mawe. Alidunga gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea punje, kisha akasema, "Toa hiyo jiwe, mzee. Mimi nanunua mahindi." Na jiwe lilikuwamo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na miaka ya elfu mbili ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, Baba alipotangaza kwamba tutavuka bahari. Ujanani alikuwa amefanya kazi Mombasa kwa mzee mmoja wa kigeni mwenye mashua ya matanga. Sasa mzee huyo alikuwa amechoka na maji, akaandika barua kwamba mashua ni ya Baba akiifuata kabla ya Krismasi. Ndugu yake Baba aliishi Australia, na upepo hauuzwi, kwa hiyo Baba hakuona kizuizi chochote. Sisi wengine hatukuwa tumeiona bahari hata kwa mbali. Majirani walimwita kwa jina la kaka yetu wakiwa langoni, "Baba Wanyama, mvua inaanza lini? Si tulete mbuzi wawili wawili?" Baba hakucheka. Alifunga ubao kwa kamba kwenye mkaratusi nyuma ya nyumba, akatuyumbisha mmoja mmoja mpaka tukatapika, ili tuzoee mawimbi. Mama alianika kunde na viazi vitamu juu ya bati. Chakula kikawa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, kwa sababu ndivyo tungekula safarini, na mimi nilijifunza kulamba kikombe mpaka ndani kabisa bila haya.

Baba aliifikiria mashua kama lori. Aliiwekea uzito ambao haikupaswa kuupita, akatoa humo maji, unga, mafuta ya taa na nanga, akaandika kilichobaki kwa mkaa ukutani. Yeye alitosha, Mama alitosha, kaka yetu Wanyama alitosha. Kwetu sisi wasichana wawili, mimi Naliaka na mdogo wangu Nasimiyu wa miaka tisa, nafasi ilibaki moja. Angekwenda aliye mwepesi, maana kila kilo iliyookolewa ilikuwa maji ya kunywa. Mama aliuliza mara moja tu, "Na huyo mwingine?"

"Atakaa na Senge yake Bungoma," Baba alisema. Senge ni shangazi, dada yake Baba, na huyu hakuwa amejaliwa mtoto. "Si ni damu yake?"

Tulipewa wiki mbili kabla ya kipimo cha mwisho. Nilijinyima hata kile kikombe cha jioni, nikamwagia kuku. Lakini nilikuwa mkubwa, nilikuwa na mifupa mirefu, na Nasimiyu alikuwa mwembamba bila kujitahidi. Nilimchukia kwa sababu hiyo. Nasema wazi, nilimchukia usiku na mchana, tukilala kitanda kimoja, na yeye akinikumbatia mgongoni kwa baridi.

Baba aliamuru tupimwe na makoti ya safari, kwa kuwa bahari ina baridi. Makoti yalikuwa ya mitumba, yenye bitana. Mama aliyafua siku moja kabla, na la Nasimiyu lilikuwa bado na unyevu nilipofumua bitana yake na kujaza pindo lote kokoto, zile zile ambazo Baba alikuwa amezitoa kwenye magunia ya watu na kuzirundika pembeni mwa ghala. Kisha nikashona. Asubuhi tuliingizwa kila mmoja kwenye gunia, kichwa nje, tukaning'inizwa. Mimi nilifika kilo ishirini na sita. Nasimiyu, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa amefika ishirini na tano na koti hilo hilo, alifika ishirini na nane.

Baba aliigonga mizani, akasoma tena, akaziandika nambari kwa mkaa ukutani. "Umeongezeka? Sisi wote tunapungua, wewe unaongezeka?"

"Baba, sijakula kitu."

"Ati hujakula! Kilo tatu imetoka wapi? Mwizi wa chakula ya ndugu zake."

Alimchapa akiwa bado ndani ya gunia, na gunia likazunguka na kuzunguka. Mama aliingia jikoni. Mimi nilisimama pale pale nikiitazama sindano ikicheza, nikafurahi. Kesho yake Baba alimpeleka Bungoma.

Hatukuvuka bahari. Tulipofika Mombasa tuliikuta mashua imelala ubavu kwenye matope, mbao za chini zimeoza, na mtu amefuga bata ndani yake. Baba aliizunguka mara mbili, akaigusa, akaturudisha Kitale. Siku iliyofuata mizani ilikuwa ikipima mahindi. Nasimiyu hakurudishwa. Baba alisema keshaanza shule huko, na Senge ameshamzoea. Mwaka mmoja ukawa kumi, na yeye akawa mgeni wetu wa Krismasi, anayeomba ruhusa kabla ya kufungua kabati.

Tulimzika Baba mwaka jana. Sasa ghala ni langu, na mizani ni ya umeme, inaandika nambari nyekundu isiyotetemeka, wala hakuna anayening'inizwa. Baada ya mazishi Nasimiyu alikaa nami pale mlangoni. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikiamini kwamba mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kumdanganya Baba.

"Siku ile ya kwenda Bungoma, tulipofika Kiminini nililia kwamba koti linanivuta," alisema taratibu. "Baba akalishika. Alishika pindo tu, akajua. Akafumua akazimwaga kando ya barabara, zote."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Kitu ikishaandikwa imeandikwa.' Tukaendelea na safari."

Sikuweza kumtazama. Alinyoosha gauni lake magotini, akaongeza, "Uzi ulikuwa wa buluu, dada. Wa sweta yako ya shule. Mimi nimengoja tu mmoja wenu aniombe msamaha. Baba ndiye huyo ameenda."

Alinipa nafasi. Ua lilikuwa tupu, viti vya kukodi vimepangwa, na neno lenyewe ni fupi, hata mtoto hulijua. Nilimuuliza kama atakunywa chai kabla hajaondoka.