Mkaa wa Miti ya Pamba

Sifa zote ni kwa Mungu, aliyeficha nguvu ndani ya vitu visivyoonekana kwa macho, akanipa uzee wa kuendelea kuvitafuta.

Mwaka ule nilikuwa nimechoka. Kazi yangu maabarani ilikuwa kuunda chembe za madini, ndogo kuliko vumbi, za kuharakisha oksijeni na hidrojeni ziungane na kutoa umeme, zikibakiza maji tu. Platinamu ni ghali, kwa hiyo niliifanya ganda jembamba juu ya nikeli. Kila mara ilianza vizuri. Kisha chembe zilihama juu ya unga wa mkaa nilikozipandikiza, zikashikamana, umeme ukafifia. Nilibakiwa na jaribio moja kabla ya kustaafu.

Nikapanda basi kwenda Lalago, kwa mdogo wangu. Nilimkuta aking'oa miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa, ili aichome kama wakulima wanavyoagizwa, wadudu wasibaki shambani.

"Mwangaluka, dada," akanisalimu kwa Kisukuma. "Mbona umekonda hivyo?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku aking'oa.

"Kumbe ni kama ng'ombe lamboni," akasema. "Wanasongamana wote mahali pamoja."

"Ndiyo. Nataka mkaa wenye vishimo vingi, kila chembe ikae kwenye chake. Hii miti usiichome hivi hivi. Tuifukie."

"Umesoma mpaka mvi zimekujaa, halafu unarudi kuchoma mkaa?" Akacheka, lakini jembe alichukua.

Tukalifukia fungu la miti kwa udongo, tukawasha. Ufa mmoja ukapitisha hewa, na asubuhi tukafukua majivu matupu. Nilikaa chini. Hata kulia sikuweza. Mdogo wangu alikokota fungu la pili, tukasali, tukaanza upya. Safari hii ukatoka mkaa.

Maabarani niliusaga, nikauosha, nikauchoma tena bila hewa, nikapandikiza chembe. Kisha nikakaa kuuangalia mkondo wa umeme, zaburi midomoni. Ukashuka, kama kawaida. Lakini pale ulipozoea kuporomoka, ukasimama. Ulikuwa chini ya nilivyotamani, ila ulisimama.

Nikampigia simu mdogo wangu.

"Ng'ombe wako wametulia?"

"Baadhi yao."

"Basi njoo upumzike, dada. Waliobaki watachungwa na wengine."

Nikamwachia mwenzangu wa maabara meza, pamoja na mfuko wa mkaa uliobaki. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Somanda, karibu na mdogo wangu, miguu inauma, moyo unashukuru.

Nawe unayesoma, Mungu akupe subira iliyo ndefu kuliko uchovu wako, na siku utakayokaa chini, akuletee mtu wa kukokota fungu la pili.