Shoka Nililomuuzia Mtani Wangu

Kazi yangu ilikuwa kufufua mashoka. Siyo kuyafua, kufua kuna wahunzi wake, na mimi sikuwa mhunzi, nisijipake sifa zisizo zangu. Nilikuwa naokota, nanunua, wakati mwingine naomba vichwa vya mashoka ya zamani, yale mazito yaliyoachwa kwenye mashamba ya mkonge na kando ya reli hapa Kilosa tangu enzi za Mjerumani na Mwingereza. Kutu ilikuwa imeyala mpaka hujui chuma kinaishia wapi. Nayasugua kwa mchanga na mafuta ya taa, nayapiga tupa, nayatia mpini mpya wa mti wa mkole, halafu nadandia lori kwenda kuyauza Mikumi, pale barabarani malori yanaposimama. Chuma cha zamani kilikuwa chuma bwana. Shoka jipya la dukani, ukibahatika kulipata, lilipinda kwenye mti wa kwanza.

Aliyenifundisha ni baba mkwe, fundi wa reli, mzee mkali asiyejua kucheka. Shida kubwa ya shoka kuukuu ni kile kipande cha mpini kilichovunjikia ndani ya tundu. Hakitoki kwa nyundo wala kwa matusi. Inabidi ukichome. Yeye alinionyesha kwamba makali unayazika kwenye tope bichi, ukaacha tundu peke yake liote moto, na tope likianza kukauka unaongeza maji. "Makali yakishaonja moto," aliniambia, "hilo si shoka tena." Shoka moja liliweza kula asubuhi nzima. Nilifuata hivyo miaka na miaka, na watu wakanijua kwa hilo.

Ikaja operesheni ya vijiji. Watu waliokuwa wametawanyika huko maporini wakaambiwa wahamie pamoja, na kila familia ikaonyeshwa eneo lake la kufyeka na kujenga kabla ya mvua. Jamani, mashoka! Kila mtu alitaka shoka, na alilitaka leo hii hii. Mabalozi wa nyumba kumi walikuja mpaka mlangoni kwangu kuniulizia, nami nikavimba kichwa. Nikaacha habari za tope. Nilirundika vichwa sita, saba kwenye moto mmoja, vizima vizima, makali na yote, vile vipande vya mpini vikaungua mara moja. Kisha nikavitumbukiza kwenye pipa la maji ili chuma kikaze tena. Kilikaza kweli, mpaka tupa ikawa inateleza. Lakini kilikaza kama kigae, na kigae kinavunjika. Baba mkwe alikuwa ameshafariki, hakukuwa na wa kunikemea.

Mmoja wa walionunua mashoka ya pipa lile alikuwa mtani wangu. Alikuwa Mnyamwezi, alikuja ujanani kukata mkonge, akaoa, akabaki, na sasa walikuwa wamempanga kwenye kijiji kipya karibu na Mikumi. Sisi Wasagara na Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za misafara. Yeye aliniita mtumwa wake, mimi nilimwita mpagazi wangu, na hatukuwahi kusalimiana kama watu wazima wenye akili. Nilimpenda sana yule bwana. Shoka lake alilipa kwa jogoo, na jogoo mwenyewe alikuwa chongo.

Wiki mbili baadaye alikuja kwenye meza yangu pale barabarani. Madereva kadhaa walikuwa wamekaa wanakunywa chai.

"Wewe mtumwa! Shoka gani hili umeniuzia? Tazama, linameguka!"

Nikalipokea. Kwenye pembe ya makali palikuwa na pengo dogo kama ukucha, na ndani ya pengo chuma kilikuwa na chembechembe nyeupe kama chumvi. Nilijua pale pale nimefanya nini.

"Linameguka au unalipigiza kwenye mawe?" nikamjibu. "Nyie kwenu mlizoea kubeba mizigo, kukata mti mtajulia wapi?"

Madereva wakaangua kicheko.

"Litaniua hili."

"Ufe upesi basi, nina hamu na ubwabwa wa msiba."

Akacheka na yeye, akanitukania ukoo mzima, akalitupia shoka begani akaenda zake.

Chini ya meza nilikuwa na mashoka matatu niliyoyatengeneza kwa tope. Ningesema neno moja tu: lete hilo, chukua hili. Lakini kwa watani, anayeanza kununa ndiye aliyeshindwa, na mimi mbele ya wale madereva sikutaka kushindwa. Tena ningekubali kwamba kazi yangu mbovu, wateja wananisikiliza. Nikamwacha aende nalo. Najuta, nasema wazi, hakuna siku ninayoijutia katika maisha yangu kama ile.

Siku chache baadaye mtani wangu alikuwa anakata mninga mgumu pale alipotaka kujenga. Makali yakavunjika kipande kizima, shoka likateleza, likamkata mguuni juu ya kifundo. Akafunga kitambaa akaendelea na kazi, maana mvua ilikuwa inakaribia. Siku kumi baadaye taya zikakaza, mgongo ukapinda kama upinde. Pepopunda. Walimpakia kwenye lori wakamkimbiza hospitali, na siku ya tatu wakarudi naye maiti.

Msibani mtani ana kazi yake. Kabla jeneza halijatoka anamwigiza marehemu, anawachekesha wafiwa, na lolote atakalolisema hakuna wa kumkasirikia. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilitamani nisiende, nikaenda. Wakanivalisha kofia yake, wakanipa fimbo iwe shoka. Nikakata mti hewani, nikajisifu kwa sauti yake, nikajitukana kwa matusi yake. Kina mama waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku kamasi zinawatoka. Ndipo mzee mmoja wa upande wao akapaza sauti, kama ilivyo desturi:

"Haya mtani, tuambie! Nani katuulia mtu wetu?"

Nikasimama. Fimbo ikanianguka.

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemuua. Shoka nililichoma lote, makali na yote, sikulizika kwenye tope. Akaniletea, nikaona limeharibika, nikamcheka."

Uani pakalipuka kicheko. "Huyu mtani kiboko!" mtu akapiga kelele. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, machozi yananitoka, nikiapa kwa Mungu kwamba ni kweli, nao ndio wakazidi kushikana mbavu. Mwingine akasema hajaona mtu anayejua kulia kwa uongo namna ile.

Walipolinyanyua jeneza, mjane akaniita kutoka dirishani. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Ahsante sana, shemeji," akaniambia. "Tangu augue, ni leo tu nimecheka."

"Haya, shemeji," nikamjibu, nikalifuata jeneza.