Upepo wa Nyumba ya Riat

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi nilipopanda ngazi yangu katika nyumba moja ya Riat, nikatoa kifuniko cha tundu la hewa sebuleni, na harufu ikanipiga usoni kabla sijawasha tochi.

Mimi husafisha njia za hewa. Kisumu kazi hii si nyingi, maana nyumba karibu zote hupozwa na dirisha lililo wazi au kiyoyozi kidogo cha ukutani. Lakini huko vilimani zipo chache zenye mtambo mmoja mkubwa darini, na mabomba mapana ya bati yanayopeleka hewa baridi kila chumba. Hewa hiyo huvutwa tena kupitia mdomo mmoja, irudi ikapozwe upya. Nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma vitabu vya mitambo na kufungua mitambo mibovu iliyotupwa.

Mwenye nyumba alikuwa muuguzi mstaafu. Majirani humwita Sista, nami nikamwita hivyo. Kampuni moja ilikuwa imemwambia kwamba panya wamefia ndani ya mabomba, kwamba hayasafishiki tena, na dawa ni kubomoa dari na kuweka mapya. Mafundi wa kampuni hiyo walitarajiwa kesho yake. Pesa za kuwalipa alikuwa nazo, ila zilikuwa za kuchimba kisima nyumbani kwake Kombewa, na alikuwa ameziweka kidogo kidogo tangu astaafu.

"Fundi, ukiniondolea harufu hii leo, hao nawapigia simu wasije," aliniambia. "Ikibaki, kesho dari inashuka, na kisima changu kinaenda nayo."

Nilinusa kwa makini. Haikuwa harufu ya panya, ilikuwa ya samaki, na mtu wa kando ya ziwa hili anajua maana yake: wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi, hufuata taa, hufa kwa maelfu ndani ya nyumba, na wakishakufa hunuka kama samaki. Nilimweleza Sista hivyo kwa uhakika wa mtu asiyekosea.

Nikaziba matundu kwa nailoni, nikaacha moja, nikaunganisha mashine ya kunyonya vumbi na kupitisha brashi ndefu inayozunguka, chumba baada ya chumba. Wadudu walitoka kweli, wakavu, wepesi kama majani ya chai. Nilijaza ndoo. Sista akapiga makofi.

Kutoka chumba cha mwisho akatokea mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kutoka Bondo kuwatembelea. Alikuwa na fimbo aliyoitumia zaidi kuelekezea watu kuliko kutembelea.

"Wuoda, mwanangu, hiyo ndoo unapeleka wapi? Kuku wangu wangekushukuru."

"Nitakuwekea, Mama."

"Na kweli watu wanakulipa kufagia hewa?"

"Leo bado, Mama."

"Basi fagia vizuri."

Nikawasha mtambo. Tukasimama sebuleni tukinusa kama mbwa wa polisi. Harufu ilikuwa pale pale, tena kali zaidi, kwa kuwa sasa njia ilikuwa wazi.

Sista aliketi akaitazama dari kama mtu anayeiaga.

Nikafikiri: kama mabomba ni safi na hewa bado inanuka, basi harufu inaingilia pale hewa inapovutwa kurudi. Nikamuuliza mdomo huo uko wapi.

"Chumbani kwa Mama. Ule mlango mwembamba wenye mianya, kama wa kabati."

"Yule fundi wa kampuni aliufungua?"

Akapunguza sauti. "Hakuna aliyefungua. Tangu Mama aje sijaingia mle. Mimi ni mke wa mwanawe, na kwetu mkwe haingii anapolala mama mkwe. Nitafunguaje kabati lake?"

Nilikwenda kubisha. Nikamweleza Mama kwa heshima kwamba lile si kabati, nyuma yake kuna chujio la hewa. "Kabati ni kabati," alinijibu, lakini akafungua kwa mkono wake.

Ndani, kwenye kamba iliyofungwa msumari hadi msumari, walining'inia samaki wa ziwani, ngege wanene, wamepasuliwa na kutiwa chumvi, wamekauka hadi kuwa na rangi ya asali. Nimekula obambla, samaki wa kukaushwa hivyo, maisha yangu yote, na sijaona samaki waliokauka sawasawa namna ile.

"Mama!" Sista alisema kutoka mlangoni.

"Nini? Nje kuna nzi, kuna paka ya jirani. Hapa upepo inavuta mchana na usiku, haina vumbi. Aliyejenga kabati hii ni mtu ana akili."

"Lakini tumelalamika harufu wiki nzima!"

"Mlisema ni panya. Nikaangalia panya, sikuona." Akanigeukia. "Na harufu gani? Hii ni harufu ya nyumba iko na watu."

Sista alijaribu kukasirika. Nilimwona akijaribu. Kisha akaegemea ukuta, akacheka mpaka akateleza na kukaa sakafuni. Mama alimwinulia fimbo kwa kuchekwa, halafu naye akashindwa kujizuia.

Tulihamishia samaki nje, juu, paka asipofika. Nikaosha kabati kwa sabuni na ndimu, nikaweka chujio jipya, nikauacha mtambo ufanye kazi. Mama akapika wawili uani, kwenye jiko la makaa, kwa maziwa, na tukala na ugali tukitazama ziwa likimeta huko chini. Tuliporudi ndani, nyumba ilinukia sabuni ya sakafu na si kitu kingine.

"Sasa imekuwa kama hospitali," Mama alilalamika.

"Ndivyo ninavyopenda," Sista akasema, na hapo hapo akaipigia simu kampuni. "Kesho msije. Panya amepatikana." Akasikiliza. "La, hatukumtupa. Tumemla."

Ukitoa ujira wangu na bei ya chujio, alichookoa siku ile kilikuwa shilingi laki tatu na elfu ishirini na mbili.