Konokono wa Kusugua Kioo

Tangi lile la kioo liliachwa na mpangaji wa nyumba ya uani alipohamishwa kikazi. Aliondoka na samaki wake wote isipokuwa wawili wadogo wenye mistari ya njano, waliojificha nyuma ya jiwe wakakataa safari. Alinionyesha jinsi ya kuwasha pampu, akaniambia maji ya bahari niyabadilishe kidogo kidogo, akapanda gari. Mimi nilikuwa na riwaya iliyokwama sura ya saba, sikuhitaji samaki. Aliyewahitaji, nilikuja kugundua, ni mama.

Mama alizaliwa kule mto Ruvuma unakoingia baharini, kwenye mikoko, na tangu utotoni alikuwa akitoka na wanawake kila bamvua, maji yanapokupwa mbali, kuokota tondo na chaza na kuchokoa pweza kwenye mashimo yao. Alipoolewa akaja kuishi hapa Ufukoni, kazi ikawa ile ile, pwani tu ndiyo iliyobadilika. Kisha magoti yakamgomea. Miaka miwili ilikuwa imepita bila kukanyaga mchanga wenye maji, ingawa bahari tunaisikia kutoka barazani. Hakulalamika. Aligeuza kiti chake kikaelekea barabarani, akawa mkaguzi wa bodaboda.

Siku tangi lilipoingia sebuleni, kiti kiligeuka. Nilikuwa nikiandika chumbani nikamsikia akiwasemesha wale samaki wawili, akiwauliza wametokea upande gani, na kama huko kwao bado kuna majani. Niliacha kuandika nikasikiliza. Alikuwa na sauti ya mtu aliyetoka pwani na kikapu kizito.

Mambo yakaenda hivyo mwezi mzima. Halafu utandu wa kijani ukaanza kupanda kwenye kioo. Niliufuta kwa sifongo, kesho yake ukarudi. Ukala mawe, ukala mchanga, mpaka samaki wakawa vivuli viwili visivyo na mistari. Asubuhi moja nikakuta kiti kimerudi kutazama barabara.

"Mama, mbona umehama?"

"Ile si bahari tena," alisema bila kugeuka. "Ni mchicha uliochemshwa sana."

Nilitaka kiti kile kirudi sebuleni kuliko nilivyotaka sura ya nane.

Nikasoma kwenye simu kwamba tangi la maji ya chumvi haliwezi kukaa safi kwa mikono ya mtu. Linahitaji wanyama wa kazi: konokono wa kukwangua kioo, kaa wadogo wanaobeba magamba ya wengine na kuokota mabaki, konokono wengine wa kuchimbua mchanga. Watu walio mbali na bahari huwanunua dukani mmoja mmoja, kama vifungo vya shati. Mimi bahari ninaifikia kwa miguu kabla chai haijapoa. Tatizo langu lilikuwa kuchagua, kwa hiyo nilikwenda kwa shoga yake mama, jirani yetu wa nyumba ya tatu, ambaye bado anatoka kila bamvua na hana mpinzani pwani nzima.

"Konokono wa nini?" aliniuliza.

"Wa kusafisha kioo, mama."

Aliniangalia kwa huruma. "Yaani kioo kimoja tu, na mnaajiri."

Siku ya pili alikuja na ndoo. Ndani mlikuwa na konokono sita wakubwa, wazito, wenye miiba mifupi mgongoni, pamoja na jongoo bahari mmoja mnene kama mkono wangu. "Hao wameshiba," alisema kwa fahari. Mama alichungulia ndoo na kuagiza jongoo arudishwe baharini saa hiyo hiyo: akiudhiwa hutapika matumbo yake, na akifia kwenye maji machache huondoka na wote waliomo. Kisha akarudi kwenye bodaboda zake.

Wale sita nikawatia kwenye tangi pamoja na konokono wadogo kama ishirini na kaa wachache niliokuwa nimewaokota mwenyewe. Walipendeza. Walitembea kwa heshima, kama wageni wa harusi.

Siku ya tatu mama aliniita. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, mkono mmoja ukutani.

"Hebu niambie unaona nini hapo chini."

Niliona magamba matupu. Kila gamba dogo lilikuwa na tundu moja la mviringo, safi, kama limepigwa na msumari wa fundi. Kaa mmoja alikuwa tayari anahamia katika mojawapo. Pembeni, juu ya konokono wa mwisho mwisho, alikuwa amekaa yule mgeni mzito wa harusi, ametulia.

"Anakula wenzake," nilisema.

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta kiti, akakaa, akanituma nimwite shoga yake.

"Shoga, tulikuomba mfagiaji," alimwambia alipoingia. "Umetuletea mtu wa kumla mfagiaji."

"Mimi nimeleta kitoweo kizuri," shoga akajibu. "Kioo hufutwa kwa gazeti, si kwa konokono."

"Umechagua kwa tumbo."

"Kwani wewe miaka yote ile ulikuwa unachagua kwa nini?"

Wote watatu tulijua kwamba ni kweli. Jicho la wanawake wa pwani limefundishwa na sufuria, huenda moja kwa moja kwa mnene. Na mnene, mara nyingi, amenenepa kwa wenzake. Shoga aliwatoa wale sita, akaondoka nao. Jioni bakuli likarudi limefunikwa kwa sahani, ndani konokono wale wale, wa nazi. Walikuwa watamu, siwezi kudanganya.

Kesho yake maji yalikuwa bado yanakupwa mbali. Nilikwenda mwambani nikampigia mama simu ya video. Uso wake ulijaa kioo cha simu, kisha paji la uso tu. Nikamwinulia konokono wa kwanza.

"Mgeuze," alisema. "Nionyeshe mdomo. Huyo mwenye mfereji mdomoni mwache, ni mwindaji. Tafuta mwenye mdomo wa mviringo, anayeng'ang'ania jiwe mpaka kidole kinauma. Huyo anakula utandu wa jiwe, na kioo atakiona jiwe."

Nilinyosha mkono nimwokote konokono mmoja mwenye michoro mizuri sana.

"Rudisha mkono. Huyo anachoma."

Nilirudisha. Nikapata wanne wa mdomo wa mviringo, akawakataa wawili. "Picha haina uzito," alisema. "Inabidi nimshike." Halafu bando likaisha.

Niliporudi nilimkuta amevaa kanga zake za pwani, zile zilizopauka, na kiti cha plastiki kiko mlangoni. Dereva wa bajaji niliyoikodi aliuliza kama kiti nacho ni abiria. "Ndiye mwenye safari," mama alisema, "mimi namsindikiza."

Bajaji ilishuka mpaka mchanga ulipoanza kulainika. Kutoka hapo shoga yake, aliyekuwa pale akiokota, alishika bega moja, mimi jingine, dereva akabeba kiti. Tulikiweka kwenye mchanga mgumu karibu na mwamba. Mama alikaa, akavua ndala. Wanawake waliokuwa wakiokota walipomwona wakaanza kuja mmoja mmoja, kumsalimia kwanza, kisha kumwekea kiganjani walichonacho. Alipima, alinusa, aliwageuza midomo. Wa kazi walikwenda kwenye ndoo yangu, wa sufuria kwenye vikapu vyao. Mmoja alimletea pweza, bila sababu.

Sehemu ya chini ya ndoo ikajaa. Nilihisi maji baridi yakipita kwenye vifundo vyangu, nikamwambia tuondoke, bahari inarudi.

"Imefika wapi?"

"Kwenye miguu ya kiti."

Alikuwa amemshika konokono mdogo mweusi, anasubiri atoe kichwa.

"Iache ipande," alisema. "Ikifika magotini, ndipo penye maumivu, utaniambia."