Niliwafundisha "We speak very well English", halafu nikalitetea kosa mbele ya mgeni

Wakuu, amani kwenu.

Mimi humu ni wa kusoma na kupita. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni, na hapa Bujumbura sina wa kumwambia bila kesho yake mtaa mzima kujua. Sitaongeza chumvi. Natamani ningeweza hata kupunguza.

Nafundisha Kiingereza jioni huku Mutakura. Chumba tumeazimwa na kanisa, tunakalia mabenchi ya kwaya. Wanafunzi wangu ni watu wazima: mafundi magari, wauza vitenge, akina mama waliotoka Kongo. Mimi mwenyewe nimesoma kwa Kifaransa toka utotoni, Kiingereza nimekiokota ukubwani. Hilo sikuwahi kuwaambia.

Kila somo tulilianza kwa kusimama na kutamka wote kwa pamoja: "We speak very well English!"

Watu wanaingia wamechoka na jua la soko, wakishatamka hivyo wanachangamka. Mimi najiona mwalimu kweli kweli.

Najua wajuzi wa Kiingereza mmeshaanza kucheka. Chekeni tu.

Kwa ambao hamjaona kosa: Kifaransa kinasema "je parle très bien anglais". Lile "très bien" linakaa katikati, baada ya kitenzi na kabla ya kinachozungumzwa. Hata sisi kwa Kiswahili tunasema "napenda sana samaki" na hakuna anayekushangaa. Kiingereza hakitaki mtu aingie katikati hapo. Ni "We speak English very well". Ni "I like fish very much". Mimi miaka yote nilikuwa naongea Kifaransa kwa maneno ya Kiingereza.

Basi mwezi uliopita tukafunga kozi.

Kwa watu wetu kozi haifungwi hivi hivi. Akina mama walishona kitenge cha aina moja, na mimi wakanishonea shati. Soda zikaja. Kisha wakanifunulia banderole ukutani, kitambaa kirefu chenye herufi kubwa: WE SPEAK VERY WELL ENGLISH. Chini yake jina langu. Nilitokwa machozi.

Mgeni wa heshima alikuwa mama mmoja Mkenya anayesimamia nyumba ya wageni kule mlimani Kiriri. Alikuwa anatafuta mtu wa mapokezi, na mimi ndiye niliyemwalika ili amwone Mama Zawadi.

Mama Zawadi ni mwanafunzi wangu bora. Ametoka Uvira, anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, analea watoto peke yake. Kazi ile ingemtoa juani.

Mgeni akasoma ule ukuta. Akaniinamia, akasema polepole, "Mwalimu, hiyo 'very well' ingekaa mwishoni."

Angeishia hapo ningepona. Ila Mzee Ramadhani, fundi magari, alikuwa jirani na masikio yake ni mazima.

"Mwalimu, Madame anasema iko kosa?"

Chumba kizima kikanigeukia. Wote wamevaa sare, wote wananiangalia mimi.

"Apana," nikasema. "Madame anazungumuzaga Kingereza ya Kenya. Sisi tunasoma ya Uingereza."

Wakapiga makofi wakuu! Mgeni akatabasamu, akaangalia soda yake. Alinisitiri mbele ya watu wangu, na mimi nilikuwa nimetoka kumfanya kichekesho. Bado akamwambia Mama Zawadi apande Kiriri Jumatatu kwa usaili.

Nilipofika nyumbani nikaingia mtandaoni kutafuta kanuni ya kuniokoa. Nikaipata, eti kinachotendwa kikiwa ni maneno marefu sana, Waingereza wenyewe huruhusu kile kielezi kitangulie. Nikafurahi kwa dakika moja. Halafu nikakumbuka "English" ni neno moja tu.

Kwa hiyo nilijua. Nilikuwa na muda wote wa kumwambia Mama Zawadi kabla hajaenda. Niliona aibu, nikanyamaza, nikajiambia sentensi ile haitatajwa huko.

Jumatatu alasiri akaja kwangu Gasenyi, amebeba mfuko wa ndagala wa kunipa. Yeye ndiye aliyekuja kunipa pole mimi.

"Mwalimu, usisikie vibaya," akasema. "Ule mama hajue Kingereza. Nilisema sentensi yetu, akanirekebisha. Nikamwambia, apana Madame, ile ni ya Kenya, mwalimu wetu alishaeleza. Akanirekebisha tena, nikakatala. Akasema anataka mutu mwenye anakubali kurekebishwa."

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamwambia. Sikupamba. Nikasema Madame alikuwa sawa, mimi ndiye nilikosea, na siku ile ya sherehe nilidanganya ili nisidharaulike.

Aliuweka ule mfuko chini. Kisha akauliza, "Sasa inasemwaga namna gani?"

Nikamwambia. Akairudia mara moja, sawasawa, bila kunitazama.

"Twende tupande wote. Umwambie we mwenyewe."

Kesho yake tukapanda. Nikasimama kwenye ile baraza safi, nikakiri yote mbele ya yule mama, na Mama Zawadi akiwa pembeni. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mtu mwingine ameshaanza kazi asubuhi ileile, na hawezi kumfukuza aliyekuja kwa haki yake.

Tukashuka kwa miguu. Mama Zawadi alitangulia, mimi nyuma. Karibu na mjini ndipo akasema neno moja tu, wala si kwa hasira.

"Mwalimu, mi nilikutetea."

Darasa zima nimeshaliambia, na banderole nimeishusha kwa mikono yangu. Wamenisamehe haraka mno, hadi inaniuma. Mama Zawadi bado anakuja. Anakaa benchi la mbele, na kila nikiandika sentensi ubaoni ananyoosha mkono: "Mwalimu, una hakika?"

Wenzake wanacheka. Yeye hacheki.

Nilichojifunza: mwanafunzi anabeba neno lako hadi mahali ambapo wewe hupo, na huko analipigania kuliko wewe. Ukijua umekosea, mwambie kabla hajafika.

Walimu mlioko humu, na wanafunzi mliowahi kumtetea mwalimu wenu, karibuni mseme. Matusi pia nayapokea. Ila kama kuna anayejua mtu wa mapokezi anahitajika popote hapa mjini, tafadhali aanze yeye.